Kanisa la Waitaliano Mai Mahiu: maswali mnayoniuliza kila wiki, hata lile la mashetani

Mimi naishi Nakuru na hili kanisa nimeenda mara saba kwa hesabu yangu, mara mbili na kwaya, moja na wageni wa harusi, zingine peke yangu tu, na kila nikirudi na picha watu wananiuliza vitu vile vile. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja. Soma hapa kwanza, kama swali lako halipo ndio uniulize.

Liko wapi kabisa?

Kando ya ile barabara ya chini, ile inayotoka Rironi inateremka bonde hadi Mai Mahiu. Sisi tukitoka upande wa Nakuru tunalikuta baada ya kupita Mai Mahiu mjini, ukianza kupanda escapimenti, ule ukuta wa Bonde la Ufa. Liko kando ya lami kabisa, na ukiwa unachezea simu utalipita hujaliona, mimi mara ya kwanza nililipita nikarudi kwa miguu nikitukanwa na malori.

Nikitoka Nakuru nifikeje? Na nikitoka Kisumu?

Hapa ndio watu wengi wanapotea. Matatu za Nakuru kwenda Nairobi hazipiti pale, zinapita barabara ya juu, Kinungi, Kimende, Limuru, kwa hivyo ukipanda gari ya Nairobi halafu umwambie konda akushukishe kanisa ya Waitaliano atakucheka, ama mbaya zaidi atakuambia sawa halafu akushushe Kimende uanze kuuliza njia. Panda gari ya Naivasha, kama kilomita 70 hivi, kisha pale Naivasha tafuta gari ya Mai Mahiu. Ukifika Mai Mahiu usipande boda, nakuomba, najua watakuita na bei ni tamu, lakini hiyo escapimenti boda na trela zimebanana kwa kona moja na si picha unataka kuona. Ngoja matatu inayopanda kuelekea Limuru ama Nairobi, mwambie konda mapema, tena umkumbushe, maana kuna sehemu gari haiwezi simama ghafla.

Kurudi ndio kazi. Gari inayoteremka haipendi kusimama kwa mteremko na mimi siwalaumu. Mara nyingi nilipata ile ya dereva ambaye naye alitaka kuona kanisa. Kama mko wengi kodisheni gari yenu, mtagawana gharama na mtarudi mkiwa na akili timamu.

Wa Kisumu mko na njia mbili. Mnaweza kuja Kericho, Nakuru, Naivasha kama kawaida, ama mkate Kericho, Litein, Bomet, Narok mtokee Mai Mahiu kwa chini. Hiyo ya Narok haikuleti Nakuru kwa hivyo usiniambie utanipitia kwa chai.

Ni dogo aje?

Dogo. Wanasema ni kama futi 15 kwa 8, na ukiingia unaamini. Watu kama kumi na wawili wakikaa limejaa, wa kumi na tatu anasali akiwa mlangoni. Kwaya yetu tulikuwa ishirini na wanne, nusu tukaimba ndani nusu nje, na wale wa nje wakawa mbele kwa nusu mdundo hadi mwisho. Ni la mawe, lina msalaba juu, ndani kuna madhabahu, mabenchi machache na picha za kidini, basi. Mtu akikuambia ni katedro amekudanganya.

Nani alilijenga, na Waitaliano walikuwa wanafanya nini Kenya?

Walikuwa wafungwa wa vita. Italia iliingia vitani Juni 1940 upande wa Ujerumani, na wakati huo ilikuwa inashikilia Ethiopia, Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia, kwa hivyo Kenya ya Mwingereza ikajipata imepakana na adui. Mwanzo wa 1941 majeshi yakatoka Kenya yakaingia Somalia, Kismayu ikaanguka Februari, Mogadishu mwezi huo huo, na kufikia tarehe 6 Aprili walikuwa Addis Ababa. Kikosi cha mwisho kikubwa cha Waitaliano kilisalimu amri Gondar, Ethiopia, Novemba 1941. Makumi ya maelfu wakashikwa, na wengi wakaletwa huku kwetu, kambi zilikuwa sehemu nyingi, Londiani ilikuwa na moja, Nanyuki pia.

Sasa mwanajeshi wa Italia wa enzi hizo, ukimvua ile sare chini yake unapata fundi mawe, seremala, mchoraji, mkulima wa zabibu. Waingereza wakaona hawa watu wasikae bure wakila, wakawapeleka barabarani. Hiyo barabara ya kuteremka escapimenti ni kazi yao, na wakiwa hapo, 1942, wakajijengea pa kusali. Jina lake ni la Mama Maria wa Malaika lakini hakuna mtu wa njia hiyo analiita hivyo, ni Kanisa la Waitaliano tu, ama "kale kakanisa".

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Luanda, Vihiga, alikuwa keya. Vijana wa siku hizi hawajui keya ni nini, ni wale askari wa King's African Rifles, na kwetu vita vyenyewe viliitwa hivyo, vita vya keya. Alikuwa anatuambia walipowashika Wataliano huko Somalia kitu cha kwanza waliomba haikuwa maji, ilikuwa sigara. Alikuwa anacheka akisema hivyo halafu ananyamaza kwa muda mrefu, na sisi watoto tulikuwa tunangoja kicheko kingine hakiji. Yeye na wenzake hawana kanisa kando ya barabara. Hiyo ni story ingine, wacha tuendelee.

Ni kweli Waitaliano wamezikwa chini ya sakafu?

Hapana. Hii mnachanganya na Nyeri, na nafikiri nusu ya story za mashetani zinaanzia hapo.

Kanisa la kumbukumbu lenye mabaki ya wanajeshi liko Mathari, Nyeri, lilijengwa 1952, na huko ndiko kuna mabaki ya wanajeshi 676 wa Italia. Hapo ndipo amelala pia yule mkubwa wao, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa anatawala Afrika Mashariki ya Italia. Alijisalimisha Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akaletwa Kenya, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mfungwa. Ukitaka kanisa la kusimama mbele ya ukuta wenye majina ya wafu, nenda Nyeri. La Mai Mahiu ni la wasafiri, lilijengwa na watu wazima wakiwa hai, wakiwa na mikono yenye vumbi, na sanasana wakiwaza nyumbani.

Haya. Kuna mashetani ama hakuna?

Nilijua utafika hapa haraka.

Story nilizokusanya mimi ni hizi. Madereva wa trela wanasema ukisimama pale usiku wa manane utasikia nyundo, ko, ko, ko, mtu anagonga jiwe, Mtaliano hajamaliza ukuta wake. Wengine wanasikia mtu akilia juu msituni kama mtoto anayenyongwa. Konda mmoja wa Naivasha aliniapia kwa mama yake kwamba kengele hulia yenyewe kukiwa na upepo, nikamuuliza sasa si hiyo ni upepo, akaniangalia kama mimi ndiye mjinga.

Sasa sikia. Mwaka juzi gari letu lilipata pancha hapo karibu, saa mbili usiku, ukungu umeshuka mpaka huoni bonde, na tukaanza kusikia hiyo ko, ko, ko. Kwaya nzima ikaanza kusali kwa lugha tatu. Mimi nikawasha tochi ya simu nikasonga mbele, sio ujasiri, ni vile nilikuwa nimebanwa na nilitaka kwenda kando. Kumbe ni tanboi, msaidizi wa dereva, wa lori iliyosimama kwa kona ya juu, anazunguka na chuma anagonga matairi moja moja asikie kama kuna lililopungua upepo. Lori la namna hiyo unahesabu matairi ishirini na kitu. Sauti inagonga ule mwamba inarudi, unasikia mbili. Nikamwambia kaka, unajua wewe ni shetani? Akasema anajua, watu humwambia.

Na anayelia msituni ni perere, yule mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, anakaa kwa miti na anapiga kelele usiku kuliko mwili wake. Ukizaliwa Kijabe umemzoea. Ukizaliwa estate ya Nakuru utaruka dirisha. Upepo nao usiniulize, Kijabe yenyewe wanasema kwa Kimaasai ni mahali pa upepo.

Kwa hivyo jibu langu: mimi sijaona. Lakini siwacheki wanaoamini, na sababu ni hii. Hiyo barabara imeua watu. Lori limejaa, breki zimeshika moto, ukungu, kona, chini kuna matatu imejaa watu wa kutoka matanga, kila dereva wa njia hiyo ana jina la mtu. Watu wakifa sehemu moja miaka na miaka lazima wale waliobaki wawaweke mahali, na kwa hiyo barabara yote kitu pekee chenye mlango na msalaba ni hako kakanisa. Mimi naona hapo ndipo mizimu ilipotoka, ilianzia barabarani ikatafuta paa.

Na yule mwanamke wa nguo nyeupe anayeomba lifti?

Huyo yuko Salgaa, yuko Sachangwan, yuko Mombasa Road, yuko kila mahali kuna mteremko. Mpe raha yake.

Mbona hiyo area ina mambo ya ajabu ajabu, ardhi kupasuka na nini?

Kwa sababu mmesimama ndani ya Bonde la Ufa na bonde halijalala. Jina Mai Mahiu lenyewe ni Kikikuyu, maji moto. Mlima unaouona mbele ni Longonot, mita 2,776, ni volkano. Machi 2018 mvua ilinyesha ufa mkubwa ukatokea upande wa Suswa ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na watu wakasema ni mwisho wa dunia, ila wiki hiyo hiyo wakamwaga kokoto magari yakapita. Sisi wa Nakuru tumekaa chini ya Menengai miaka yote, tunaambiwa kuna majeshi ya wafu kwa krateri na mashamba ya shetani huko ndani, na bado watu wanapanda Jumapili na crisps.

Kitu kimoja tu tafadhali. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalikuja kutoka juu upande wa Kijabe, yakapita na nyumba watu wakiwa wamelala, zaidi ya 40 wakafa hapo Mai Mahiu na vijiji vya karibu. Ukifika mjini usianze kumuuliza mama wa kibanda habari za mizimu ukicheka cheka, hujui amezika nani.

Naweza enda usiku nijionee? Niko na kamera nzuri.

Usiende. Usiku ukungu unashuka, malori ndio yanaongezeka, pa kuegesha ni padogo, na kanisa litakuwa limefungwa, kwa hivyo utafanya nini, upige picha kufuli? Shetani wa ukweli wa usiku pale ni trela isiyo na taa za nyuma.

Wakati mzuri ni lini?

Asubuhi kama saa tatu saa nne hivi, ukungu ukiwa umepanda na jua halijakuwa kali. Mwezi wa nne na wa tano mvua, mawe yanaanguka kutoka juu, kaa nyumbani. Ijumaa jioni na Jumapili jioni sahau kabisa, foleni ya kutoka mashambani itakumaliza. Na kabla hujatoka uliza hali ya barabara, maana hii njia iko kwenye mradi wa kupanuliwa kutoka Rironi na kukiwa na ujenzi unaweza kukaa sehemu moja mpaka ujue watoto wa dereva kwa majina.

Kuingia ni pesa ngapi?

Ni kanisa. Kuna mtu wa kulitunza, msalimie kwanza, mwambie umekuja kuona, na ukimaliza acha sadaka. Acha kitu cha maana, ufagio haununuliwi kwa amina.

Mimi si Mkatoliki. Mimi ni Mwislamu. Mimi siendi popote.

Ingia tu. Lilijengewa wasafiri na wewe umesafiri. Kama kuna misa ama harusi ngoja nje, huwezi jifanya huonekani kwa chumba cha futi 15.

Pasta wetu anataka tulete kikundi tufukuze pepo hapo. Ni sawa?

Swali hili limekuja mara tatu na sio kutoka kwa pasta mmoja. Hapana, sio sawa. Ni nyumba ya sala ya watu wengine, na huwezi ingia kwa jirani na maspika kumfukuzia pepo ambao hakukuambia anao. Kikundi kimoja kilijaribu tukiwa pale, wakaanza kwa sauti ya juu, mzee wa kulinda akawaangalia kwa upole kabisa akawaambia kama wana nguvu hizo wateremke kidogo waombee breki za lile Fuso linalotoa moshi. Walishuka kweli. Dereva akawapa shukrani na soda.

Kuvaa na kupiga picha?

Vaa kama unaenda kwa shosho. Beba sweta, hata kama Mai Mahiu kuna joto la kukaanga yai, hapo juu upepo unaingia kwa mifupa. Picha nje piga utakavyo ila usirudi nyuma nyuma ukitafuta engo, nyuma yako ni barabara kuu. Ndani omba ruhusa, na kama kuna mtu amepiga magoti weka simu mfukoni.

Watoto je?

Lete, lakini mshike mkono kila sekunde, hakuna uwanja wa kukimbia. Ndizi na mkate ziwe kwa mfuko uliofungwa, nyani wa pale hawaombi. Mpwa wangu alinyang'anywa mandazi mkononi na mpaka leo ndio shetani pekee aliyethibitishwa na familia yetu.

Tutakula wapi?

Mai Mahiu mjini, nyama choma na ugali, madereva wa lori wanakula hapo na hao hawadanganywi na sahani. Ukipanda juu kuna zile vyupointi za kuangalia bonde, wanauza mahindi choma, kofia za manyoya na ngozi za kondoo. Bei ya kwanza wanayokutajia ni ya mzungu, hata kama wewe ni mweusi tititi, teremsha mpaka nusu halafu muanze kuongea kama watu.

Kuna kitu kingine cha kuona siku hiyo hiyo?

Kwa kanisa lenyewe utamaliza nusu saa, ukijikaza saa moja. Wenye miguu wapande Longonot, lakini waanze na huo mlima mapema kanisa lije baadaye. Wasio na miguu mrudi Naivasha samaki wanangoja.

Umewahi kukaa ndani peke yako?

Mara moja, dakika kama ishirini. Mzee alikuwa nje anafagia. Unasikia kila lori likibadilisha gia, na ukikaa unaanza kuyajua, hili limebeba, hili liko tupu, hili lina shida. Moja likasimama. Akaingia mwanaume mkubwa, kofia mkononi, hakunisalimia, akashika mgongo wa benchi la mbele kwa mkono mmoja akateremka magotini polepole kama mtu mwenye mgongo mbaya. Hakukaa hata dakika mbili. Akainuka, akaenda, nikasikia mlango wa lori, breki zikapumua, akaanza kushuka. Nilipoinuka na mimi nikaona pale alipokuwa ameshika kuna alama ya mkono mzima, vidole vitano, grisi nyeusi. Nikaifuta na leso yangu, haikutoka yote.